Mkubwa Akibwaga Manyanga Katikati ya Mageuzi: Soma Kiti, Tarehe na Yaliyonyamaziwa

Tangazo huwa fupi. Aya ya kwanza inasema mkurugenzi mtendaji au afisa mkuu wa fedha anaondoka kuanzia tarehe fulani. Ya pili inamshukuru kwa utumishi wake uliotukuka. Ya tatu inamtaja atakayekaimu, au inasema bodi imeanza kumtafuta mrithi. Wanahisa wengi wadogo huishia kwenye aya ya pili: sifa zikiwa nyingi wanapata moyo, zikiwa haba wanaingiwa na hofu. Na hiyo ndiyo aya isiyo na habari hata chembe. Mara nyingi maneno yake yamejadiliwa na mawakili wa pande zote mbili kama sehemu ya makubaliano ya kuachana, na kila neno limepimwa lisije likazaa kesi. Habari imo kwenye kiti kinachobaki wazi, kwenye tarehe, na kwenye yale ambayo tangazo lingeweza kuyasema kwa sentensi moja lakini likayanyamazia.

Kampuni inayofunga matawi, inayopunguza wafanyakazi, inayouza mali ili ilipe madeni au inayoziomba benki ziongeze muda, itapoteza wakubwa tu. Wengine hupigwa kalamu kwa sababu mpango mpya hauna nafasi yao. Wengine wamechoka. Wengine wamepata kazi bora kwingine, na hakuna ajabu yoyote hapo. Kwa hiyo anayeuza hisa kila asikiapo mtu kafungasha virago atauza kampuni zinazopona pamoja na zinazokufa, na gharama za dalali zitamla taratibu. Anayepuuza matangazo yote naye atakuwa ndani siku biashara ya hisa itakaposimamishwa. Swali la kujiuliza ni hili: anayeondoka alikuwa anaona karatasi zipi ambazo sisi hatujazionyeshwa, na anaondoka kabla au baada ya karatasi hizo kuwekwa hadharani?

Kiti cha fedha kwanza

Magazeti humpa mkurugenzi mtendaji kichwa cha habari na afisa mkuu wa fedha mistari miwili ndani. Katika kampuni inayopangwa upya, mizani iko kinyume. Mkurugenzi mtendaji anaweza kuondoka kwa sababu wanasiasa hawampendi, kwa sababu chama cha wafanyakazi kimemkataa, au kwa sababu mpango wake umeshindwa na bodi imeamua kujaribu mwingine. Zote ni habari, lakini hazitufundishi mengi kuhusu kilichomo ndani ya vitabu.

Afisa mkuu wa fedha yuko karibu na ukweli kwa namna tatu. Kwanza, kampuni ikianza kubanwa na wadai, kitendea kazi chake cha kila siku ni makadirio ya fedha taslimu ya wiki 13: kila wiki ina safu yake, fedha zinazoingia kutoka kwa wateja, mishahara, kodi, wauzaji wanaodai, marejesho ya mkopo, na chini kabisa salio. Anajua ni wiki ya ngapi salio linageuka kuwa hasi. Pili, kila robo mwaka au nusu mwaka huwa anatia saini cheti kwa benki kuthibitisha kwamba masharti ya mkopo yametimizwa, kwa mfano kwamba deni halijazidi kiwango fulani cha mapato. Tatu, mwisho wa mwaka yeye na mkurugenzi mtendaji huwaandikia wakaguzi barua ya uthibitisho kwamba wametoa taarifa zote na hawakuficha kitu. Mtu asiyetaka jina lake liwe kwenye barua hiyo ana njia moja tu ya heshima, nayo ni kuondoka kabla haijaletwa mezani.

Ndiyo maana kuondoka kwa afisa mkuu wa fedha kati ya siku ya kufunga mwaka na siku ya kutangaza hesabu zilizokaguliwa kuna uzito kuliko kuondoka kwake miezi mingine yote. Mwenye kazi njema inayomsubiri kwingine kwa kawaida humaliza hesabu za mwaka, akazitetea mbele ya wachambuzi, kisha akaaga. Kumaliza mwaka ni fahari ya mhasibu. Asipoumaliza, kuna kilichomsukuma.

Viti vingine viwili havipewi uzito unaostahili. Cha kwanza ni mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi katika bodi. Huyu hana mshahara wa kuogopa kuupoteza, hukutana na wakaguzi bila menejimenti kuwepo, na akijiuzulu ghafla sifa yake ndiyo anayoilinda. Cha pili ni mkuu wa hazina, yule anayepanga malipo na kuongea na benki kila wiki. Jina lake haliko kwenye magazeti, na mara nyingi kampuni hailazimiki kutangaza kuondoka kwake. Utaligundua pengo lake ukilinganisha ukurasa wa menejimenti katika ripoti za miaka miwili.

Kuna jambo moja zaidi kuhusu muda. Afisa wa fedha aliyekaa miaka tisa akaondoka, huenda kachoka. Aliyeletwa miezi minane iliyopita, akitoka nje ya kampuni, akitangazwa kuwa ndiye mtaalamu wa kuinyanyua, akaondoka kabla ya hesabu zake za kwanza: hiyo kwangu ndiyo ishara nzito kuliko zote kwa upande wa watu. Alikuja akiwa na sifa ya kulinda, akafungua vitabu, akaamua kwamba hasara ya kuonekana ametoka mapema ni ndogo kuliko ya kubaki.

Hesabu kwanza au kuondoka kwanza

Nairobi ina mifano miwili inayofaa kuwekwa bega kwa bega.

Kenya Airways ilitangaza hasara ya takriban shilingi bilioni 25.7 kwa mwaka ulioishia Machi 2015, na bilioni 26.2 kwa mwaka uliofuata. Mbuvi Ngunze alikuwa ameshika usukani kutoka kwa Titus Naikuni mwishoni mwa 2014, kwa hiyo hasara hizo zilimwangukia yeye. Marubani walimtaka yeye na mwenyekiti wa bodi Dennis Awori waondoke. Oktoba 2016 Michael Joseph akawa mwenyekiti, na mwezi huohuo zikatoka hesabu za nusu mwaka zilizoonyesha hasara imepungua hadi karibu bilioni 4.7 kutoka karibu bilioni 12. Novemba ndipo ikatangazwa kwamba Ngunze ataondoka mwaka unaofuata. Alibaki akikabidhi kwa miezi kadhaa, na Juni 2017 Sebastian Mikosz, aliyewahi kuongoza shirika la ndege la Poland, LOT, akaanza kazi.

Tazama mpangilio wake: hesabu zimetoka, kisha tangazo la kuondoka, kisha miezi ya makabidhiano, kisha mrithi kutoka nje. Hapo mwekezaji ana haki ya kusema kwamba sababu ya kuondoka ni shinikizo la watu, na kwamba vitabu havikuwa vinakimbiwa.

Uchumi Supermarkets ilikwenda kinyume. Hii ni kampuni iliyokuwa imewekwa mwaka 2006 chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeshika mali kwa niaba ya wadai, ikafufuka, ikarudi kwenye Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2011, na hisa zake zikaorodheshwa hata Dar es Salaam. Mwishoni mwa 2014 wanahisa waliopo waliuziwa hisa mpya wakatoa takriban shilingi milioni 895. Juni 2015 bodi ikawaondoa mkurugenzi mtendaji na afisa mkuu wa fedha kwa pamoja. Mambo matatu yamekutana hapo: fedha mpya za wanahisa zilizoingia miezi michache tu nyuma, viti viwili vinavyotia saini hesabu kuachwa wazi siku moja, na mwaka wa fedha unaofungwa mwezi huohuo wa Juni. Bodi inayowaondoa wote wawili kwa mpigo inakuambia kwamba haina tena imani na tarakimu walizoiletea, hata kama tangazo halisemi hivyo. Oktoba mwaka huo kampuni ilifunga maduka yake ya Uganda na Tanzania, na hesabu za mwaka ulioishia Juni 2015 zikatoka na hasara ya takriban shilingi bilioni 3.4.

Mwanahisa aliyeuza wiki ile ya Juni hakuwa na haja ya kujua nani ana makosa. Jambo hilo lilikuwa la bodi, la mdhibiti na la mahakama. Yeye alihitaji kujua tu kwamba hesabu alizozitegemea kununua hisa zile mpya hazina tena mtu aliye kazini wa kuzitetea.

Mfano uliokithiri zaidi barani ni Steinhoff, kampuni ya samani na maduka ya Afrika Kusini. Tarehe 5 Desemba 2017 kampuni ilitangaza kwa pamoja kwamba mkurugenzi mtendaji Markus Jooste amejiuzulu mara moja, kwamba kuna kasoro za kihasibu zinazohitaji uchunguzi, na kwamba hesabu zilizokaguliwa hazitatoka kama ilivyopangwa. Kesho yake hisa zilianguka kwa zaidi ya asilimia 60. Tangazo la kuondoka likija sambamba na kuahirishwa kwa hesabu, hakuna tena cha kuchambua. Unatoka kwanza, maswali unauliza ukiwa nje. Hili ndilo jambo pekee katika makala hii ambalo nalisema bila sharti lolote.

Intel: kiti cha bodi kilichosema zaidi ya kiti cha mkurugenzi

Mfano mwingine ni wa Marekani, na nauchagua kwa sababu unaonyesha jinsi soko linavyoweza kusoma tangazo moja kwa namna mbili ndani ya siku moja.

Tarehe 1 Agosti 2024 Intel, kampuni inayotengeneza chipu za kompyuta, ilitangaza kwamba itapunguza zaidi ya asilimia 15 ya wafanyakazi, itakata gharama kwa dola bilioni 10 mwaka 2025, na itasimamisha gawio kuanzia robo ya nne. Kesho yake hisa zilishuka asilimia 26. Wiki tatu hivi baadaye, mjumbe wa bodi Lip-Bu Tan alijiuzulu. Sababu iliyotolewa ni kwamba anahitaji kupanga upya majukumu yake mengi. Sheria za Marekani zinaipa kampuni siku nne za kazi kutangaza kuondoka kwa mkurugenzi au afisa mkuu, na mkurugenzi wa bodi akiondoka kwa sababu ya kutokubaliana na kampuni, kutokubaliana huko lazima kuelezwe, na barua yake ikiwepo iambatishwe. Kwa afisa wa menejimenti asiye kwenye bodi hakuna wajibu kama huo. Katika tangazo la Tan hapakuwa na ugomvi wowote uliotajwa. Lakini alikuwa mmoja wa wachache ndani ya bodi ile waliolijua soko la chipu nje ndani, kwani aliongoza Cadence, kampuni ya programu za kubunia chipu, kwa miaka mingi. Mtu wa aina hiyo kuondoka wiki tatu baada ya mpango mkubwa kutangazwa ni jambo linalotosha kumfanya mwekezaji arudi kuusoma mpango upya.

Robo ya tatu ikaleta hasara ya dola bilioni 16.6. Tarehe 2 Desemba ikatangazwa kwamba mkurugenzi mtendaji Pat Gelsinger amestaafu siku moja kabla. Asubuhi hisa zilipanda kwa asilimia kadhaa. Jioni zilikuwa zimerudi chini kidogo ya zilipoanzia, na siku iliyofuata zikashuka zaidi. Kwa nini? Wanunuzi wa asubuhi walisoma nusu ya kwanza ya tangazo: aliyeshikilia mpango ghali wa viwanda kaondoka, huenda sasa kampuni itagawanywa au itabana matumizi. Wauzaji wa mchana walisoma nusu ya pili: hakuna mrithi, kuna makaimu wawili, David Zinsner wa fedha na Michelle Johnston Holthaus, na bodi ndiyo kwanza inaunda kamati ya kutafuta. Kampuni inayohitaji maamuzi ya mabilioni ya dola ya viwanda haiwezi kuyafanya ikiwa na makaimu. Pengo lilidumu zaidi ya miezi mitatu.

Machi 2025 Intel ikamtangaza mkurugenzi mpya: Lip-Bu Tan huyohuyo. Hisa zikaruka karibu asilimia 15 kwa siku moja. Kwa maneno mengine, bei ilijali zaidi jina la anayeingia kuliko la aliyetoka, na anayeingia ndiye aliyekuwa ameondoka kimyakimya Agosti. Baada ya tukio ni rahisi kusema ishara ilikuwa wazi. Agosti 2024 haikuwa wazi kiasi hicho, na mtu aliyeuza siku ile kwa sababu ya Tan peke yake angekuwa anabahatisha. Ilitosha kuwa alama ya swali pembeni mwa mpango, si zaidi.

Mdai na mwanahisa hawasomi tangazo moja

Hapa ndipo wengi huumia hata wakiwa wamesoma kuondoka kwa usahihi. Kampuni ikiwa na deni inaloshindwa kulipa, wenye usemi ni benki na wenye hati fungani. Mara nyingi mabadiliko ya uongozi ni sharti lao: mkopo utaongezwa muda, fedha mpya zitatolewa, lakini tunataka mtu mwingine kwenye kiti cha fedha na tunataka afisa wa mageuzi tunayemkubali sisi. Kwa hiyo ukiona kuondoka kumetangazwa wiki ileile ya makubaliano ya kusitisha madai, huo si mkasa. Ni malipo ya sehemu ya bei.

Kwa mdai, hiyo ni habari njema. Bei ya hati fungani inaweza kupanda siku hiyohiyo hisa zinaposhuka, na wote wawili wakawa sahihi. Mdai anaona nafasi ya kulipwa imeongezeka. Mwanahisa anaona hatua inayofuata, ambayo ni deni kugeuzwa kuwa hisa. Turudi Kenya Airways. Kuondoka kwa Ngunze kulikuwa kwa utaratibu, mrithi akapatikana, hasara ikapungua. Na bado Novemba 2017 madeni yalipogeuzwa kuwa hisa, Serikali ya Kenya iliishia na asilimia 48.9, kampuni iliyoundwa na benki zinazodai ikachukua 38.1, shirika la ndege la Uholanzi, KLM, likashuka hadi 7.8, na wanahisa wadogo wakabanwa kwenye kipande chembamba sana kilichobaki. Mwanahisa aliyesoma watu vizuri na asisome mizania alipoteza karibu sawa na asiyesoma chochote. Mikosz naye alitangaza Mei 2019 kwamba ataondoka mwisho wa mwaka, kabla mkataba wake haujaisha, na Julai 2020 biashara ya hisa ikasimamishwa hadi Januari 2025. Miaka minne na nusu mwanahisa hakuweza kuuza hata hisa moja.

Namna watu wanavyoondoka inakuonyesha kama hesabu zinaaminika. Mzigo wa deni ndio unaoamua nani atabaki na kampuni ikipona. Ukitumia cha kwanza kujibu la pili umepotea, na nasisitiza hili kwa sababu ndilo kosa linalofanywa na watu makini, wale wanaofuatilia kila tangazo.

Kazi ya jioni ya tangazo

Ukipata tangazo, soma tarehe ya kuanza kutumika kabla ya kitu kingine. "Mara moja" ni tofauti kabisa na "baada ya miezi mitatu ya makabidhiano". Kisha tafuta sentensi mbili: inayosema makadirio ya mwaka hayajabadilika, na inayosema hesabu zitatoka tarehe iliyopangwa. Kampuni isiyo na tatizo hupenda kuziweka, kwa kuwa hazigharimu kitu na hutuliza soko. Zisipokuwepo, mpigie dalali wako au mwandikie ofisi ya uhusiano wa wawekezaji uulize moja kwa moja kama tarehe ya hesabu imebadilika. Jibu la kuzunguka ni jibu.

Fungua kalenda. Andika mwisho wa mwaka wa fedha, siku hesabu zilipotoka mwaka jana, tarehe ya mkutano mkuu, na kila mkopo unaoiva ndani ya miezi 12, ambao utaupata kwenye maelezo ya mikopo nyuma ya ripoti ya mwaka. Weka tarehe ya kuondoka katikati ya hizo. Kama inatangulia kuiva kwa deni kubwa au hesabu za mwaka kwa wiki chache, uzito unaongezeka. Kenya kampuni iliyoorodheshwa inatakiwa kutoa tahadhari ikiona faida itashuka kwa angalau asilimia 25 kulinganisha na mwaka uliopita. Afisa wa fedha akiondoka katika miezi ambayo tahadhari kama hizo hutoka, chukulia kwamba inaweza kufuata.

Chukua ripoti mbili za mwaka zinazofuatana, fungua ukurasa wa bodi na wa menejimenti, uweke alama kwa kila aliyetoweka. Wawili kati ya kumi ni kawaida. Nusu yao ndani ya miezi 18, wakiwemo wa fedha na wa sheria, ni kampuni ambayo ndani yake kuna ugomvi au kuna kinachoogopwa. Kwa kampuni tanzu zilizosajiliwa Kenya, omba hati iitwayo CR12 kwenye mfumo wa usajili wa biashara. Inaorodhesha wakurugenzi wa sasa, na mara nyingine jina huondoka kwenye tanzu kabla ya kuondoka kwenye kampuni mama.

Nenda kwenye ripoti ya malipo ya wakurugenzi. Kampuni zilizo kwenye mageuzi huahidi bonasi ya kubaki, inayolipwa mtu akiwa bado kazini tarehe fulani. Mkubwa anayeondoka miezi miwili kabla ya tarehe hiyo ameacha fedha mezani, na watu hawaachi fedha mezani bure. Kinyume chake, akiondoka wiki moja baada ya bonasi kuingia, usimfikirie sana: alikuwa anahesabu siku. Angalia pia kama analipwa kifurushi cha kuachana. Anayelipwa, kwa kawaida kaondolewa, lakini kaondolewa kwa amani. Anayeondoka mara moja bila malipo yoyote, bodi inaweza kuwa inahifadhi haki ya kumdai.

Mwisho soma maoni ya mkaguzi wa nje. Kama aya inayotaja shaka kubwa kuhusu uwezo wa kampuni kuendelea na biashara ilikuwepo tayari mwaka jana, kuondoka kwa sasa kuna mazingira yake. Mkaguzi na afisa mkuu wa fedha wakibadilishwa ndani ya mwaka mmoja, wachukulie kama tukio moja.

Halafu pima soko lenyewe. Nairobi hisa haiwezi kupanda au kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku, tofauti na Johannesburg ilikoangukia Steinhoff. Kwa hiyo bei ya siku ya kwanza haikuambii kitu. Inayokuambia ni foleni ya wauzaji isiyo na wanunuzi kwenye kikomo cha chini. Hesabu wastani wa hisa zilizouzwa kwa siku katika siku 20 zilizopita. Kama unamiliki zaidi ya sehemu ya kumi ya wastani huo, hutatoka kwa siku moja bila kuisukuma bei wewe mwenyewe, na uamuzi wa kupunguza nusu kesho asubuhi unaweza kuwa bora kuliko kusubiri uhakika wa wiki ijayo.

Kuna kuondoka ambako hakustahili kazi yote hii. Mtaalamu wa mageuzi aliyeletwa kwa mkataba akaondoka baada ya wadai kupitisha mpango, amemaliza kazi yake. Akiondoka kabla ya kura yao, hapo ndipo uamke. Mkurugenzi wa shirika lenye hisa nyingi za serikali mara nyingi huondoka na mabadiliko ya siasa. Mkuu wa mauzo akihamia kwa mshindani, jiulize juu ya wateja, si juu ya hesabu.

Mrithi na hesabu zake za kwanza

Mgeni akiingia, tarajia hesabu mbaya. Ana kila sababu ya kufuta kila kilicho na shaka katika robo yake ya kwanza au ya pili, maana lawama bado ni ya aliyetangulia na mwaka unaofuata utaonekana mzuri. General Electric ya Marekani ilipomwondoa mkurugenzi mtendaji John Flannery tarehe 1 Oktoba 2018 baada ya miezi 14 tu na kumweka Larry Culp kutoka nje, tangazo hilohilo lilisema makadirio ya mwaka hayatafikiwa na kwamba takriban dola bilioni 23 za thamani iliyobebwa vitabuni katika kitengo cha umeme, hasa kutokana na ununuzi wa biashara ya Alstom mwaka 2015, huenda zikafutwa. Hisa zilipanda karibu asilimia 7 siku ile, zikafunga karibu dola 12. Mwisho wa mwezi gawio likakatwa hadi senti moja kwa robo. Desemba hisa zilikuwa chini ya dola 7. Culp alikuja kuinyanyua kampuni kweli, lakini aliyenunua kwa furaha ya siku ya tangazo alipoteza zaidi ya theluthi ya fedha zake ndani ya wiki kumi hivi kabla hajaona nafuu.

Kwa hiyo hesabu za kwanza za mrithi zisome kwa kutenganisha. Upande mmoja weka kilichofutwa bila fedha kutoka: thamani ya biashara zilizonunuliwa, bidhaa zilizolala ghalani, madeni ya wateja yasiyolipika. Upande wa pili weka mtiririko wa fedha taslimu kutoka kwenye shughuli za kila siku. Ufutaji ukiwa mkubwa na fedha taslimu zikawa zilezile au zimeongezeka, mgeni anasafisha. Ufutaji ukiwa mdogo, fedha zinazidi kupungua, na madai ya wauzaji bidhaa yakavuka siku 90 kutoka 60, mgeni hajafungua makabati yote bado, au ameyafungua na hajasema. Robo inayofuata angalia kama yeye mwenyewe bado yupo.